Barua Tatu na Alhamdulillah Moja

Barua tatu zilifika nyumbani kwetu Grand Prairie, Texas, katika wiki moja ya Machi 2019, na juu ya kila moja palikuwa na neno la Kiingereza, award, ambalo binti yangu alitutafsiria akiwa amesimama, mkoba begani, mguu mmoja umeshatoka mlangoni. "Zawadi," alisema. "Wamenipa zawadi, vyuo vyote vitatu." Kisha akaenda zake shule. Baba yake akainua mikono akaomba dua ndefu. Mimi nikafungua friza nikatoa nyama ya mbuzi niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya Idi, kwa maana habari kama ile huipokei kwa maharagwe.

Jioni, nyama ikiwa imeshaliwa, ndipo tulipozisoma hizo zawadi zenyewe. Binti yangu alisoma mstari kwa mstari na baba yake akawa anaitikia. Ufadhili wa serikali. "Mashaallah." Ufadhili wa chuo. "Mashaallah." Mkopo. Mkopo wa pili. Mkopo wa wazazi, ambao sisi wenyewe ndio kwanza tunausikia.

"Huo mkopo una riba?" akauliza baba mtu.

"Yes, Baba. But kidogo tu."

"Zawadi gani hiyo inayozaa?"

Hapa inanibidi nimweleze mume wangu, la sivyo utamdhania mkaidi bure. Alitoka Mombasa na masanduku mawili na sharti moja: riba haiingii nyumbani kwake. Kwa sharti hilo tumepanga nyumba miaka yote tuliyokaa Texas, na gari letu tulilinunua kwa pesa taslimu likiwa limeshazeeka, likatuzoea tukalizoea. Watu wametucheka. Mimi mwenyewe siku za joto la Julai, kiyoyozi cha gari kikipuliza pumzi ya tanuri, nimemcheka. Lakini sharti lile nililikubali siku ya ndoa na sijalivunja, na binti yetu amelelewa ndani yake kama mtu anavyolelewa ndani ya nyumba isiyokuwa na ngazi, hajui kupanda.

Huyo binti ni mmoja tu. Mungu hakutupa mwengine. Alitaka kusomea ufamasia, na alitaka kuusomea Houston, saa nne kwa gari kutoka kwetu, kwa sababu kule hospitali zimepangana mtaa mzima na alishawahi kwenda na shule yake akarudi haongei jengine. Barua moja ilitoka Houston. Nyengine ilitoka chuo cha kaskazini, kule ukishapita Lewisville, na ya tatu ilitoka chuo ambacho kwa gari ni nusu saa kutoka mlangoni petu. Nitasema kweli, maana hizi ni kumbukumbu zangu na sina wa kumwogopa: mimi nilitaka ile ya nusu saa. Nilitaka asome famasia, lakini nilitaka arudi ale chakula changu.

Basi kesho yake, Jumamosi, nikaziweka barua zote tatu mezani nikachukua penseli. Mama yangu aliuza leso Mombasa maisha yake yote, na kitu cha kwanza alichonifundisha dukani ni kwamba mnunuzi mjinga hupima nguo pamoja na karatasi iliyofungiwa. Ondoa kwanza kisichokuwa nguo. Nikaanza kuondoa. Mikopo yote nikaikata mstari. Palikuwa na kitu kingine, kazi ya chuoni, ambayo mwanafunzi huifanya saa chache kwa wiki akalipwa; hiyo nayo nikaikata, kwa maana huwezi kunipa zawadi ya jasho langu ambalo sijalitoa. Barua ya Houston ndiyo iliyokuwa nono kuliko zote. Nilipomaliza kukata, ilikonda mpaka ikatisha.

Kilichoniudhi ni kwamba hazikuandikwa namna moja. Moja ilitaja gharama za mwaka mzima, na chakula, na kitanda, na vitabu. Nyengine ilitaja karo peke yake, kitanda ukakitafute ukurasa wa nyuma. Ya tatu iliweka mikopo juu kabisa, ufadhili chini, kama muuzaji anayeweka embe zuri juu ya mabovu, ila yeye ameyapanga kinyume. Ilinichukua asubuhi nzima kuziweka zote tatu katika mizani moja. Binti yangu alipoamka akanikuta nimeandika nyuma ya kalenda ya msikiti.

"Mama, unafanya nini?"

"Nachambua."

Alikuja akasimama nyuma yangu, akasoma. Ya kaskazini ilikuwa imeshakufa. Ya karibu ilibakisha kiasi ambacho tungeweza kulipa kwa mwezi, kidogo kidogo, bila kukopa. Ya Houston ilibakisha shimo. Hakulia, hajapata kuwa mtoto wa kulia. Alisema, "Okay," akaenda kupiga mswaki. Na mimi nikajiona nimefurahi, na sikuipenda ile furaha.

Kazini kwangu, nyumba ya wazee kule Arlington, nilikuwa na mwenzangu mmoja, mama wa Kirundi aliyelelewa kambini Tanzania, Mkatoliki wa rozari mfukoni, mcheshi asiyejua kunong'ona. Mwanawe alikuwa ameingia chuo mwaka uliotangulia. Nikamwuliza wao walifanyaje na mikopo.

"Ah, dada yangu! Mimi nilisaini vyote. Nilidhani ukikataa kimoja wanakunyang'anya na vingine. Kumbe unaruhusiwa! Unakubali hiki, unakataa kile. Nimekuja kujua nimeshachelewa." Akanishika mkono. "Wewe uende uwaone. Iko ofisi yao, wanakaa watu pale, si mashine. Uende na mtoto."

Kuna ofisi, na kuna watu. Hilo lilinitosha. Ikiwa kuna mtu nyuma ya meza basi kuna bei nyengine, maana bei ya kwanza ni salamu tu. Nilimwambia mume wangu nakwenda Houston kupatana. "Na chuo?" akasema. "Unakwenda kupatana na chuo kikuu cha serikali?"

"Mgaagaa na upwa hali wali mkavu," nikamwambia.

"Basi niletee samaki," akasema, akarudi kwenye kiti chake, polepole, mkono mmoja ukishika kiuno.

Kwa nini nilikwenda, ilhali nilitaka abaki? Nimejiuliza sana. Nadhani nilitaka kushindwa kwa haki. Nilitaka binti yangu aone kwamba mama yake alijaribu, kisha arudi nyumbani bila kinyongo. Na pia, nisijifanye mtakatifu, sijapata kuona bei nikaipita bila kuijaribu.

Tuliondoka baada ya alfajiri, yeye akiendesha, mimi nimepakata kopo la mahamri. Njiani alinifundisha maneno ya kusema. Nisimshike mtu mkono kwa muda mrefu. Nisiulize watoto wangapi. Nisitoe mahamri. Niliyaitikia yote.

Ofisini alitupokea mama wa makamo yangu, miwani yake ikining'inia kwa mkufu shingoni. Nikamwuliza hali yake, na ya watoto wake, na ya mama yake kama yu hai, na nikamwekea mahamri mezani. Binti yangu alitazama dari. Yule mama alijibu yote kwa upole na akala hamri moja papo hapo, kwa hiyo mpaka leo nashikilia kwamba mimi ndiye niliyekuwa sahihi. Kisha nikatoa barua ya kile chuo cha karibu na nyumbani, nikaiweka sambamba na ya kwao, nikazisukuma mbele yake.

"Hawa wamenipa hivi," nikasema kwa Kiingereza changu. "Wewe, bei yako ya mwisho ni ngapi?"

"Mama," binti yangu akasema kwa Kiswahili, meno yamefungwa, "hapa si sokoni."

Yule mama alicheka, lakini si kwa dharau. Akasema wao hawalinganishi barua yao na ya chuo kingine, hawana ruhusa. Alizisoma hata hivyo, zote mbili, na kalenda yangu ya msikiti pia, akasema amekaa miaka mingi pale na ni wazazi wachache aliowaona wamezichambua hivyo. Nikajua hapo kwamba sifa ile ni kuniaga. Mwenye duka akianza kukusifia macho yako mazuri, ujue hapunguzi.

Kisha akavaa miwani, akafungua faili letu kwenye kompyuta, akauliza, "Kuna kitu chochote kilichobadilika nyumbani kwenu? Kazi? Afya?"

"Hatujambo," nikasema. "Kila kitu kizuri, alhamdulillah."

Akauliza tena, taratibu zaidi. Akaeleza kwamba fomu tuliyoijaza ilitumia kodi za mwaka 2017, na kwamba mambo ya watu hubadilika, na ikiwa yamebadilika basi yeye ana njia ya kuitazama upya hesabu.

"Alhamdulillah," nikasema. "Sote wazima."

Na mambo yenyewe yalikuwa haya. Mwaka 2017 mume wangu aliendesha lori, na siku za mapumziko alipakia mizigo ghalani. Mwaka uliofuata mgongo wake ukateguka akiwa na kasha mikononi. Lori likaisha. Ghala wakampa kiti getini, akague karatasi za madereva wenzake wa zamani, kwa nusu ya saa alizokuwa akifanya na chini ya nusu ya mshahara. Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni. Yule mama alikuwa kama aliyenishikia mlango wazi kwa mguu wake. Na mimi, niliyetoka nyumbani gizani kuja kupatana bei na serikali ya Texas, sikuweza kuyasema, kwa sababu kwetu mtu akikuuliza hali unajibu shwari. Shida ya mume ni nguo yako ya ndani, huianiki barabarani. Walahi halikuwa hata jambo la kufikiri. Alhamdulillah ilitoka yenyewe, mara mbili, kama chafya.

Wahenga wamesema mficha uchi hazai. Nilikuwa naijua methali hiyo na nimewahi kuwasomea wenzangu. Binti yangu hakuwa akiijua, ila ndiye aliyeifanya.

"My dad got hurt," akasema. Akaeleza lori, mgongo, kiti cha getini. Akaeleza kwamba baba yake huvaa viatu akiwa amekaa na kwamba hufunga mlango ili tusimwone akivaa. Hilo mimi nilikuwa nalijua, lakini sikujua kama yeye analijua. Alisema yote bila kunitazama, sauti imenyooka, kisha akasema, "I really want to come here." Yule mama akatoa kisanduku cha shashi akakisukuma mezani, na kumbe aliyekihitaji ni mimi.

Tukapewa fomu moja na maelezo. Baba aandike barua kwa mkono wake, tuambatishe karatasi za mshahara za sasa na barua ya daktari.

Nilikuwa na hasira ya mtu aliyefunuliwa ushungi mbele ya watu. Njiani kurudi, pale Huntsville tuliposimama kutia mafuta, ndipo nilipomwambia, "Umemwanika baba yako."

"Mama," akasema, akiwa bado ameshika usukani, "ume-bargain kila kitu leo. Ukweli tu ndio hukuutoa. Sasa ningefanyaje?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kumnyamazisha, mama yeyote anayo, lakini hakuna hata moja lililokuwa jibu. Nikampa hamri. Akala akaendesha.

Kumwambia baba yake ndilo lililokuwa zito. Tulimweleza siku ya pili, baada ya chai. Alisikiliza, akaitazama ile fomu, akaipindua kana kwamba nyuma yake pameandikwa jambo la afadhali.

"Niandike kwamba sijiwezi?"

"Andika kwamba mgongo hauwezi," nikamwambia. "Wewe unaweza."

Alikaa na kalamu siku tatu. Barua aliyoitoa ilikuwa na mistari sita ya Kiswahili, safi, bila kulalama hata neno moja, na binti yake akaitia kwa Kiingereza. Alipomaliza kutafsiri alikwenda akambusu baba yake mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipokuwa mdogo. Baba mtu akasema, "Haya, haya, usiniloweshe." Lakini jioni ile alivaa viatu vyake sebuleni, mlango wazi, akiguna kwa sauti kama watu wote, na mimi nikaona nyumba imepata nafasi.

Tukangoja. Aprili ikaenda. Mwisho wa kuchagua ulikuwa unakuja, na binti yangu akasema ikifika Ijumaa ya wiki ile bila jibu atakubali chuo cha karibu, na tusilaumiane.

Jumatano bahasha ikaja. Nyumbani kwetu barua huifungua aliyeiona kwanza, na siku ile sikuwa na zamu. Nikaifungua nikiwa nimesimama kwenye sanduku la posta. Ufadhili ulikuwa umeongezwa, na mstari mmoja mpya wa kitanda na chakula. Nikaingia ndani nikachukua penseli. Nikakata mikopo. Nikakata kazi ya chuoni. Kilichobaki cha sisi kulipa kilizidi kile cha chuo cha karibu kwa thamani ya jozi mbili za viatu. Nikahesabu tena, ikatoka vile vile.

Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Kweli, nilipiga. Kisha nikakaa kitini, nikatazama sebule, viatu vyake vya mazoezi chini ya meza, kikombe chake ambacho hajakiosha, nikaona nilichokinunua. Nilikuwa nimepatana bei vizuri mno mpaka nimejinunulia nyumba tupu.

Basi nikaificha barua. Niliitia katika droo, baina ya leso zangu, nikaifunga. Naliandika hili kwa sababu si mara nyingi mtu mzima hujiona anavyoiba. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Nisingesema uongo wowote. Ningenyamaza tu, na kunyamaza ndiko nilikokuwa fundi.

Alhamisi nilikwenda kazini nikaosha wazee, nikawalisha, nikawachana nywele. Mwenzangu wa Kirundi akaniuliza kama wamejibu. Nikasema bado. Akaniombea kwa rozari yake pale pale, mbele ya mashine ya kahawa, kwa sauti ya kusikika kaunti nzima, na kila salamu yake moja kwa Bibi Mariamu ilinichoma mimi Mwislamu kama nimemwibia na yeye.

Nilirudi saa kumi jioni, jua bado kali. Binti yangu alikuwa ameketi sofani, kompyuta mapajani.

"Mama, sina haja ya kungoja kesho," akasema. "Nita-accept ya hapa sasa hivi. Iko karibu. Ni nzuri tu, alhamdulillah."

Ile alhamdulillah niliijua. Niliijua inapotoka na ninajua inachofunika, kwa sababu ni yangu, nilimpa mimi pamoja na maziwa. Nikaacha mkoba nilipokuwa nimesimama, nikaenda chumbani, nikaja na bahasha nikaiweka juu ya kibodi.

Hakuifungua. Aliitazama ilivyochanwa juu.

"Ilikuja lini?"

"Jana."

"Waliniletea email Jumatatu," akasema.

Tukatazamana. Jumatatu. Siku tatu alikuwa nayo, akala nayo, akanisaidia kukunja nguo nayo.

"Mbona hukusema?"

"Baba hawezi kuinua hata gunia la mchele. Wewe una-work double. Nani atakaa na nyinyi?" Kisha akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Na wewe? Mbona hukusema?"

Nilikuwa nimeshachoka na shwari na sote wazima. "Kwa sababu nilitaka ubaki," nikamwambia. "Sina sababu nyengine. Nakupenda na nilitaka ubaki."

Akalia basi, yeye asiyelia, na mimi nikalia, tukacheka kwa namna tulivyokuwa tunalia, wezi wawili wa barua moja. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na maumivu, na sikuona haja ya kuchagua. Akaigeuza kompyuta kunielekea. Kwenye kioo palikuwa na kitufe, na jina la mji wa Houston juu yake.

"Bonyeza wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyeipata."

Nikabonyeza kwa kidole changu mwenyewe, kwa nguvu, asije akasema haikushika.

Baba yake aliingia kitambo kidogo baadaye, shati la kazi limemganda mgongoni, akatukuta tumevimba macho wote wawili. Akauliza kumetokea nini.

"Mwanao keshakwenda Houston," nikasema.

Akamtazama binti yake pale sofani, miguu juu, amekumbatia mto. "Si huyu hapa?"

"Huyo ni mgeni wetu," nikamwambia, "mpaka Agosti."

Alinitazama mimi, akamtazama yeye. Akavua viatu, akaenda kukaa karibu naye.